Bureti Moja kwa Wanafunzi 41: Barua ya Wazi kutoka Kisiwani Pate

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, na waheshimiwa wabunge na wawakilishi wadi mliovuka maji kuja kutuomba kura.

Waheshimiwa,

Asalaam aleikum.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa kisiwani Pate. Jina nimelificha, si kwa uoga, ila mwalimu wangu wa kemia ni mtu mwema na sitaki aitwe ofisini kwa ajili yangu. Nataka kuwa daktari. Nikilitamka hilo mbele ya watu wazima hunijibu "Inshallah" kwa ile sauti wanayomjibu mtoto anayesema atakwenda Makka kwa miguu. Damu siiogopi. Babangu ni mvuvi, na tangu nina miaka sita nimepasua papa, pweza na taa, nikajua ini liko wapi na nyongo iko wapi kabla sijajua kusoma saa. Ninachokiogopa ni kitu chembamba cha kioo.

Sijui kama mnaikumbuka bureti. Ni kile kibomba kirefu chenye alama ubavuni na bilula chini, kinachodondosha asidi tone kwa tone mpaka maji yaliyo kwenye chupa yageuke rangi. Shuleni kwetu zilikuwa tatu. Moja ilivunjika kabla sijafika, ya pili bilula yake inavuja, na hiyo iliyobaki tunaishika kwa zamu, wanafunzi 41. Mara nyingi kengele hulia zamu ikiwa imefika kwa mtu wa saba.

Tulipokuwa kidato cha pili mwalimu alitufundisha taitresheni, huko kudondosha asidi tone kwa tone, kwa sindano ya plastiki ya duka la dawa na maua ya bogenvilia aliyoyachuma kwenye ukuta wa jirani. Aliyachemsha, akapata maji ya rangi ya waridi iliyokolea, akayatilia alikali, yakageuka manjano mbele ya macho yetu. Tulipiga makofi mpaka darasa la jirani wakachungulia. Ni kipindi bora nilichowahi kukaa, nasema kweli, na mwalimu yule angekuwa katika shule kubwa ya bara angekuwa ameshapewa tuzo. Lakini baraza la mitihani halitahini bogenvilia.

Karatasi ya tatu ya kemia kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 40, na sehemu ya alama hizo haipatikani kwa kujua, hupatikana kwa mkono. Usomaji wa bureti lazima uandikwe kwa desimali zinazolingana kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na ukitumia desimali mbili, ile ya pili iwe 0 au 5. Jibu lako hulinganishwa na jibu alilolipata mwalimu wa shule yako kwa vifaa vilevile, na ukipishana naye zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, alama zinaanza kwenda. Mkono wa hivyo hauji kwa kuchorewa ubaoni. Hakuna nahodha hapa aliyejifunza kushika usukani kwa mchoro.

Kabla ya mtihani shule hupokea ile orodha ya siri tunayoiita konfidenshali, inayomwambia mwalimu aandae vifaa gani na kemikali gani. Hapo mbio huanza. Simu Amu, yaani mjini Lamu, simu Mombasa, na bureti za kuazima zinavuka bahari ndani ya ndoo zimeviringishwa kanga. Kuna dada mmoja wa kidato cha nne aliyenambia kuwa siku ya mtihani ndiyo siku aliyofungua bilula ya bureti kwa mara ya kwanza peke yake, bila ya mwenzake kumsukuma kiwiko. Alifurahi. "Leo yangu pekee," akasema. Alama alizopata sikumuuliza.

Mtasema ni alama chache. Kwa mtu anayetafuta C+ ya kuingilia chuo kikuu, pengine ni chache. Kwa anayetafuta udaktari hapana uchache. Pointi za klasta, yaani za masomo manne yanayoangaliwa kwa kozi unayoomba, mwisho wake ni 48, na udaktari katika vyuo vikuu vikubwa vya umma huhitaji zaidi ya 40. Kemia na biolojia zote mbili zimo ndani ya hesabu hiyo, na zote mbili zina karatasi ya vitendo. Kemia yangu ikishuka kutoka A- hadi B kwa sababu ya bilula inayovuja, nimeshafungiwa mlango na hakuna atakayejua kwamba nilikuwa nje nabisha. Hesabu yangu ni C+, na hilo ni kosa langu mwenyewe, silileti kwenu.

Ninacholeta kwenu ni hiki: kila mwaka nawasikia mkilalamika kwenye redio kwamba madaktari hawakai Lamu. Wanapangiwa huku, wanakaa miezi, wanaomba uhamisho. Mnalitazama jambo hili mwisho wake. Mwanzo wake uko kwenye chumba chetu chenye meza nne na bureti moja.

Ngoja niwaeleze kisa cha nana wangu, mamake mama, nimeshaomba ruhusa yake. Ramadhani ya mwaka jana alipewa vidonge vya ugonjwa wa sukari kwenye kimfuko cha karatasi kilichoandikwa 1x3. Maana yake anaijua, moja kutwa mara tatu. Hakuna aliyemuuliza kama anafunga. Sasa kwa akili ya nana, na si akili mbaya, kutwa ya Ramadhani huanza adhana ya Magharibi. Akavimeza vitatu vyote kwenye futari, akala tende mbili na uji kidogo, akaenda zake kuswali tarawehe. Usiku wa manane tukamkuta anatetemeka, jasho limemlowesha kanga, anaita watu waliokufa zamani. Mama akamnywesha maji ya sukari kwa kijiko mpaka akatulia. Zahanati usiku imefungwa. Boti ya kwenda Amu ilikuwapo na nahodha alikuwapo, lakini maji yalikuwa yamekupwa na Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kwendea Amu, haupitiki. Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa. Nyinyi wa Nairobi jueni tu kwamba njia yetu ya hospitali hufunguliwa na mwezi. Tulingoja maji mpaka saa nne asubuhi.

Tulikofika tulipokewa na daktari kijana kutoka bara, mpole, macho mekundu kwa kukesha. Akamuuliza nana anasikia nini. Nana akamjibu, "Mato yafanya kiza." Daktari akanigeukia. "Nini inafanya giza?" Nikamwambia macho. Siku ile yote nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Nana akisema chango, mimi naeleza ni maumivu ya tumbo ya chini, na kwamba wanawake wa huku huliita chango karibu kila linalouma chini ya kitovu, kwa hiyo aendelee kuuliza. Nana akisema anafunga na hafungui kwa mtu, namwambia daktari asimkataze, ampangie dawa za daku na futari. Akampangia. Aliniuliza nasoma kidato cha ngapi, nikamwambia, akacheka akasema, "Wewe uje hapa unisaidie." Nimeyabeba maneno hayo mwaka mzima. Baada ya miezi kadhaa tulirudi, naye hayupo. Amehama. Simlaumu hata kidogo. Kwao si hapa, na mimi nikipelekwa Turkana pengine ningehesabu siku vilevile.

Wataalamu wenu wanalijua hili kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2010, likaupitia upya mwaka 2021, juu ya namna ya kupata wahudumu wa afya vijijini na kukaa nao. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwachukua wanafunzi waliokulia vijijini na kuwasomesha, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Kuba wakatawanywa kwenye kaunti, na mwaka 2023 mpango huo ukasitishwa. Sina neno nao, walikuja kutibu watu. Lakini ikiwa ndege iliweza kumleta daktari kutoka Havana, mashua inashindwaje kuleta bureti kutoka Mokowe, hapo bara tu?

Kuna hofu nyingine ambayo naona haya kuitaja kwa sababu ni ya kijinga. Mwanzoni mwa mwaka huu tulichagua masomo ya kuendelea nayo. Fizikia nimefundishwa na walimu watatu katika miaka miwili, na kati ya kuondoka mmoja na kuja mwingine tulikuwa tunasomeshana wenyewe. Nikaiacha. Kisha mtu akanambia bila fizikia hakuna udaktari. Nililia wiki nzima, chini ya chandarua, mama akidhani nimeposwa na mtu nisiyemtaka. Mpaka kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesoma chuo Mombasa alipokuja likizo akanieleza kwamba ni hesabu au fizikia, na lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili! Wiki nzima ya machozi kwa jambo ambalo mtu mmoja mwenye kitabu cha maelekezo angelimaliza kwa dakika mbili. Je, wangapi walilia kisha hawakukutana na kijana wa likizo? Mimi namjua mmoja, ameshaolewa.

Kuhusu pesa, ambalo ndilo neno la kwanza la baba kila nikifungua mdomo. Tangu 2023 mmeweka mpango mpya wa kugharimia wanafunzi wa vyuo vikuu: kuna ufadhili, kuna mkopo, kuna sehemu ya mzazi, na familia zinagawiwa madaraja matano kwa kipato. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakiuka Katiba, ikaja rufaa, na mambo ya wanasheria nawaachia wanasheria. Mimi nina swali dogo. Mtaniuliza babangu anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Mwezi upi? Kaskazi bahari ikitulia huzamia kamba mawe, na kuna siku hurudi na pesa ambayo ukiiandika kwenye fomu tutaonekana matajiri. Kusi ikiingia, mashua huvutwa pwani, zikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na nyumba nzima inaishi kwa mahamri ya mama. Mwezi wa Juni babangu hana kipato. Hana kidogo wala kingi, hana. Sasa nikijaza fomu kwa Januari nitakuwa muongo, na nikiijaza kwa Juni nitakuwa muongo pia.

Na muhula wa pili huanza mwishoni mwa Aprili, kusi ikianza kuvuma. Karo hudaiwa wakati ambapo nusu ya wazazi wa kisiwa hiki hawawezi kwenda baharini. Basari ya kaunti na ile ya mbunge huja zikija. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaorudishwa nyumbani Mei na Juni, wakirudi darasani tumeshapita mole na molariti, mada ambayo ukiikosa kemia yote iliyobaki huwa kama hadithi uliyoikuta katikati. Aliyepanga kalenda ya basari hakuwa na ubaya na sisi, nadhani. Hakuwahi kuulizwa upepo unatoka wapi, basi.

Hata nikivuka hayo yote, kuna upande wa pili, na nao naufikiria usiku. Mwaka 2024, nikiwa kidato cha kwanza, madaktari waligoma siku 56. Moja ya sababu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itawalipa 70,000. Baba alikuwa anashona nyavu, redio iko begani pa mashua. Akazima. "Miaka sita ya chuo," akasema, "halafu ukapigwe moshi barabarani?" Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mheshimiwa Waziri wa Afya, jibu hilo ni lako. Mzazi anayeuza injini ya boti ili mtoto akasome anataka kujua kama mtoto huyo atakapomaliza atakuwa na kazi, au atakaa nyumbani akingoja barua ya kupangiwa mafunzo ya mwaka mmoja, ilhali wagonjwa wamejaa kwenye viti.

Watu wanaonipenda wananishauri niende KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, nikawe muuguzi au tabibu wa diploma, nimalize mapema, nianze kusaidia nyumbani. Si ushauri mbaya. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, na hao wauguzi na matabibu ndio wanaotuweka hai. Aliyemzalisha mama nilipozaliwa alikuwa muuguzi, kwa taa ya chemli. Lakini nataka niende huko kwa kuchagua, na hofu yangu ni kwamba nitaenda kwa kusukumwa, kisha niseme maisha yangu yote kwamba ndivyo nilivyotaka.

Ninaomba nini? Maabara kwa kila shule najua mtaniambia hakuna bajeti. Basi tuanze na moja, hapa kisiwani, yenye bureti za kutosha, darubini zinazoona, na mtu wa maabara anayelipwa mshahara, na shule zote za Pate zipewe siku zao. Kutoka Siyu, Faza, Kizingitini au Shanga hakuna mwanafunzi atakayeshindwa kufika kwa bodaboda au kwa miguu. Mradi vifaa viwepo tangu kidato cha pili, visije pamoja na mtihani. Basari ya muhula wa pili itolewe Machi, kabla mashua hazijavutwa. Na kaunti ikae na wanafunzi wachache wanaopata nafasi ya udaktari, hata wawili kwa mwaka, iwalipie sehemu ya mzazi, nao watie sahihi ya kurudi kufanya kazi Lamu miaka mtakayokubaliana. Mimi nitatia sahihi leo. Hata wino nitakuja nao.

Na haraka ipo, haitokani na papara za ujana. Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu ndio kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka. Baada ya KCSE yetu ya 2027 hakuna darasa jingine litakaloifanya. Waliotutangulia wakikosa waliambiwa warudie. Sisi tukikosa tutarudia na nani? Nyuma yetu wako wadogo zetu wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026, na serikali imesema inataka asilimia 60 yao wachukue mkondo wa sayansi na teknolojia. Hapa kwetu asilimia 60 hiyo itakuja kupanga foleni nyuma yangu, kwenye bureti ileile.

Nimesikia kuwa viongozi wakija kisiwani huletwa kwa boti za kasi wakati maji yamejaa, wakakata utepe, wakala biriani, wakarudi kabla maji hayajakupwa. Ombi langu la mwisho ni kwamba safari hii mje Jumatano. Kipindi cha kemia ni cha pili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kwa hiyo itabidi mlale hapahapa. Nana amesema mmoja wenu anaweza kulala kwetu barazani, chandarua kipo. Mlango wa maabara ni wa kijani, unakwama, usukumeni kwa bega. Mtapewa nambari za zamu kuanzia 42.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi wa kidato cha tatu,
Kisiwani Pate, Lamu